Kibali Kwanza, Tiketi Baadaye

Tarehe 3 Julai 2014 Halmashauri ya Jiji la Dublin, huko Ayalandi, ilitoa uamuzi uliotikisa nchi nzima. Garth Brooks, mwimbaji wa muziki wa country kutoka Oklahoma, Marekani, alikuwa afanye matamasha matano mfululizo katika uwanja wa Croke Park, kuanzia Ijumaa tarehe 25 hadi Jumanne tarehe 29 Julai. Tiketi 400,000 zilikwishauzwa tangu mwanzoni mwa mwaka. Watu walikuwa wamekesha kwenye foleni kuzisubiri, katika baridi ya Januari. Halmashauri ikasema Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ruksa. Jumatatu na Jumanne, hapana. Brooks akajibu kwamba ama yote matano ama hakuna hata moja, akilifananisha jambo hilo na mzazi anayeambiwa achague ampende mtoto yupi. Tarehe 8 promota akatangaza kwamba matamasha yote matano yamefutwa.

Nchi ikawaka moto. Waziri Mkuu Enda Kenny akalazimika kulizungumzia. Meya wa jiji, Christy Burke, akahangaika huku na huko kutafuta suluhu. Hata balozi wa Mexico mjini humo alijitolea kusuluhisha. Kamati ya Bunge ikawaita wahusika na kuwahoji. Wenye hoteli na baa wakapiga mahesabu ya hasara, na kiasi kilichotajwa mara nyingi ni euro milioni 50. Katika makelele hayo yote, vidole vingi vilielekezwa upande mmoja, kwa wakazi wa mitaa inayouzunguka uwanja. Wao ndio walioandika barua za pingamizi, kwa hiyo wao ndio walioonekana wamewanyima watu laki nne starehe yao.

Leo nataka kuwatetea wakazi hao. Nawatetea kwa sababu kisa chao kinamgusa kila anayeishi karibu na uwanja, awe Dublin au Dar es Salaam, na kwa sababu naamini walibebeshwa lawama ya kosa lililofanywa na wengine.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Croke Park ni uwanja wa watu zaidi ya 82,000, miongoni mwa viwanja vikubwa kabisa barani Ulaya. Ungedhani uwanja wa ukubwa huo umejengwa pembezoni mwa jiji, kando ya barabara kuu, na maegesho ya magari yasiyo na mwisho. Sivyo. Uko katikati ya makazi ya watu, kaskazini mwa mji. Upande mmoja kuna mfereji wa zamani wa maji na reli, upande mwingine kuna reli nyingine, na katikati yake ni vichochoro na nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ambazo nyingi milango yake inafunguka moja kwa moja kwenye njia ya waendao kwa miguu. Mtu akisimama nje ya uwanja kunywa bia yake, amesimama chini ya dirisha la chumba ambamo mtoto amelala. Mashabiki 80,000 hawana njia nyingine ya kufika isipokuwa kupita katika mitaa hiyo, kwenda na kurudi.

Wala wakazi hao hawauchukii uwanja wao. Unamilikiwa na Chama cha Michezo ya Kigaeli, kwa kifupi GAA, kilichoanzishwa mwaka 1884 na kuununua uwanja huo mwaka 1913. Tarehe 21 Novemba 1920, wakati wa vita vya kupigania uhuru, majeshi ya Mwingereza yaliingia humo mechi ikiendelea na kuwamiminia risasi watazamaji na wachezaji. Watu 14 walikufa, akiwamo mchezaji Michael Hogan, ambaye jukwaa moja la uwanja limepewa jina lake hadi leo. Kwa Muayalandi pale ni mahali pa heshima. Isitoshe, GAA ni chama cha wachezaji wa ridhaa, chenye klabu karibu katika kila kijiji na mtaa wa nchi ile, kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi ya waliopinga matamasha ni wanachama au mashabiki wa michezo hiyo hiyo. Siku ya fainali wanapeperusha bendera madirishani kama wengine.

Hapo ndipo tunapokutana na hoja inayotolewa kila mara, na naomba nikae nayo kidogo kwa sababu hata hapa kwetu utaisikia. Watu husema kwamba wakazi waliukuta uwanja, au walijenga na kununua nyumba wakijua uwanja upo, basi wavumilie. Uwanja wa miaka zaidi ya mia haukumfuata mtu nyumbani kwake.

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Anayehamia jirani na uwanja hawezi kudai kimya cha shambani. Lakini aliyenunua nyumba pale alikubali kitu gani? Alikubali mechi. Mechi ya mpira wa Kigaeli au ya hurling, mchezo wao wa magongo, huchezwa mara nyingi Jumapili alasiri. Watu wanakuja mchana, wanashangilia kwa saa moja na nusu au mbili, na jioni mapema mtaa umerudi kwa wenyewe. Sauti inayotoka ni ya vinywa vya watu, inapanda bao likifungwa na kushuka.

Tamasha kubwa ni shughuli ya namna nyingine kabisa. Siku kadhaa kabla, malori yanaanza kuleta vyuma vya jukwaa, spika, taa na majenereta. Mafundi wanagonga nyundo. Kisha vyombo vinajaribiwa, na ngoma hiyo hiyo moja inapigwa mara mia mpaka fundi wa sauti aridhike. Siku yenyewe mitaa inafungwa, na mkazi anahitaji kuonyesha kitambulisho au kibali ili apite kwenda kwake. Mgonjwa mwenye miadi ya hospitali anapiga hesabu ya saa ngapi gari litaweza kutoka. Mzee aliyezoea kutembelewa na binti yake jioni haonani naye. Muziki ukinyamaza, wanapita watu elfu themanini, wengine wamelewa, wengine wanatafuta kona ya kujisaidia. Halafu, wakati msanii amekwisha kulala hotelini, jukwaa linaanza kubomolewa. Zidisha hayo mara tano mfululizo, siku tatu kati ya hizo zikiwa za kazi, na watoto na wazee ndani ya nyumba.

Mwaka 2009 wakazi hawa walikwisha kuonyesha jinsi jambo hilo linavyochoma. Bendi ya U2, vijana wa Dublin hiyo hiyo, ilipiga matamasha matatu pale mwezi Julai, na jukwaa lake lilikuwa kubwa mno, mfano wa dude lenye miguu minne linalosimama juu ya uwanja. Ilipopangwa libomolewe usiku na mchana bila kupumzika ili liwahi onyesho la Gothenburg, Uswidi, wakazi walitoka nje na kuyazuia malori. Watu wazima, wenye kazi zao, wakasimama mbele ya malori usiku. Mtu hafanyi hivyo kwa kupenda ugomvi. Anafanya hivyo akiona kwamba njia nyingine zote amekwisha zipita na hakuna aliyemsikiliza.

Na kuna jambo la sauti yenyewe ambalo wengi hatulijui, nami naomba nilieleze taratibu. Sauti kali na nyembamba, kama ya gitaa la solo au ya mwimbaji mwanamke, huzuiwa kwa kiasi kikubwa na ukuta. Funga dirisha nayo imepungua. Besi ni kitu kingine. Mlio wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Wimbi refu namna hiyo linazunguka majengo, linapita kwenye kuta, linatikisa vioo na vyombo kabatini. Ndiyo maana mtu aliye mbali na tamasha hasikii maneno ya wimbo, ila anasikia dum, dum, dum kifuani mwake.

Sasa, wapimaji wengi wa kelele hutumia kipimo cha desibeli kilichorekebishwa kufuata sikio la binadamu, kinachoitwa kipimo cha A. Kwa kuwa sikio letu halisikii vizuri sauti nzito, kipimo hicho huipunguza. Kwenye mitetemo 50 hupunguza karibu desibeli 30. Ukikumbuka kwamba kila desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi, utaona kilichoachwa nje ya hesabu ni kingi mno. Afisa anaweza kusimama mtaani na mashine yake, akasoma namba iliyo ndani ya sheria, akamwambia mama mwenye nyumba kwamba hakuna tatizo, wakati sufuria za mama huyo zinagongana jikoni. Afisa hasemi uongo, na mama hasemi uongo. Mashine haikuwekwa ipime kile kinachomsumbua. Kwa hiyo unaposikia promota akitangaza kwamba vipimo vyote vilikuwa salama, ulizia alipima kwa kipimo gani, na alisimama wapi.

Turudi Dublin, kwenye kiini cha kesi yangu. Wakazi walikuwa wameshikilia jambo moja: matamasha matatu kwa mwaka. Kiasi hicho kilikuwamo katika masharti ya kuuendeleza uwanja, na wakazi walikichukua kama ahadi. Mei ya mwaka huo huo wa 2014, kundi la One Direction la Uingereza lilikuwa limekwisha kupiga matamasha matatu pale Croke Park. Ukiongeza matano ya Brooks, yanakuwa manane kwa mwaka mmoja. Halmashauri iliporuhusu matatu na kukataa mawili, tayari ilikuwa imevuka kiwango ambacho wakazi walikitegemea. Iliwapa mashabiki sita badala ya matatu. Sababu iliyoitoa kwa kuyakataa yale mawili ni kwamba maonyesho matano mfululizo ya watu zaidi ya 80,000, juu ya yale ya Mei, ni usumbufu usiokubalika kwa wakazi, na yangefungua mlango kwa mengine ya namna hiyo.

Niambie, ndugu msikilizaji, hapo mkazi amemnyima nani starehe?

Kosa lilifanyika miezi sita kabla, na lilifanyika wazi mbele ya kila mtu. Kwa sheria ya Ayalandi, onyesho la hadhara la nje lenye watu 5,000 au zaidi lazima lipate leseni ya halmashauri, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao kabla leseni haijatolewa. Lakini sheria hiyo haikumzuia promota kuuza tiketi kabla ya kuomba leseni. Kwenye tiketi yaliandikwa maneno kwamba onyesho linategemea leseni kupatikana, nayo hayo ndiyo yaliyohesabiwa kuwa tahadhari ya kutosha. Onyesho la kwanza na la pili yakauzwa yakaisha. Likaongezwa la tatu, likaisha. La nne, la tano. Fedha za watu laki nne zikakusanywa. Watu wakakata tiketi za ndege na kulipia vyumba vya hoteli. Ombi la leseni lilipelekwa halmashauri baada ya yote hayo, na ndipo mkazi wa jirani na uwanja akaitwa atoe maoni yake.

Maoni gani hayo yanayoombwa wakati jibu limekwisha kuuzwa? Mtu anaulizwa kama anakubali, na nyuma ya swali wamesimama watu laki nne wenye tiketi, wenye hoteli, magazeti na serikali nzima. Akisema ndiyo, itaandikwa kwamba wakazi wameafiki. Akisema hapana, ataitwa adui wa taifa. Huko ni kumweka mtu mnyonge mbele ya umati kisha kumwita chanzo cha ghasia. Mimi nasema aliyeuza kisicho mkononi mwake ndiye aliyewavunja moyo wale mashabiki. Mkazi aliyesimamia kiwango kilichowekwa tangu mwanzo hakuvunja kitu.

Kuna msuluhishi aliyeitwa kukaa na pande zote mapema mwaka huo, Kieran Mulvey, mtu mwenye uzoefu mrefu wa kusuluhisha migogoro ya kazi. GAA nayo ilikuwa tayari kutoa euro 500,000 kwa ajili ya mfuko wa jamii ya eneo lile. Ni fedha nyingi, na nia inaweza kuwa njema kabisa. Lakini zilikuja baada ya tiketi kuuzwa, na fedha zinazokuja wakati huo hazina budi kuonekana kama za kufunga watu midomo. Zingekuja mwaka mmoja nyuma, zikajadiliwa mezani pamoja na saa za kubomoa jukwaa, idadi ya vyoo vya barabarani na njia za magari ya wagonjwa, zingekuwa na uzito mwingine.

Lazima niseme pia kwamba wakazi hawakuwa na sauti moja. Wako waliotaka Brooks aje na aimbe siku zote tano, na walisema hivyo hadharani. Wenye maduka madogo na baa walikuwa wamejiandaa kwa biashara ya mwaka mzima ndani ya wiki moja. Yaliibuka pia madai kwamba baadhi ya barua za pingamizi zilikuwa na sahihi za kughushi, na polisi wakayachunguza. Kama kuna mtu aliyeghushi jina la jirani yake, alitenda vibaya, na aliwadhuru zaidi wale wenye malalamiko ya kweli. Hilo nalisema bila kusita. Jirani akitaka haki yake, aidai kwa jina lake mwenyewe.

Na hii biashara? Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna anayekataa kwamba mgeni analeta riziki. Mashabiki laki nne wanalala, wanakula, wanapanda teksi. GAA yenyewe hutumia mapato ya uwanja kuendeleza klabu za watoto vijijini, na hilo ni jambo jema sana. Ila angalia riziki hiyo inakwenda wapi na adha inabaki wapi. Hoteli nyingi ziko katikati ya mji. Promota ana ofisi yake, msanii ana ndege yake. Mkazi wa mtaa wa Clonliffe Road ndiye anayefagia chupa asubuhi mlangoni kwake. Hesabu ya faida ya jiji zima haiwezi kuwa halali ikiwa gharama yote imebebeshwa mitaa michache ambayo watu wake hawakuulizwa mapema. Mwenyeji apone, wahenga walisema. Hawakusema mwenyeji ahame.

Wapo watakaosema kwamba wakazi wakipewa nguvu namna hiyo, muziki utakufa mijini. Historia ya uwanja huo huo inawajibu. Baada ya sokomoko la 2014, kanuni za leseni zilibadilishwa mwaka uliofuata: mwandaaji akatakiwa kukaa na halmashauri kwa mashauriano kabla ya kuomba, na ombi lenyewe lifikishwe wiki 13 kabla ya onyesho badala ya wiki 10. Je, muziki ulikufa? Ed Sheeran aliimba Croke Park Aprili 2022. Coldplay walipiga matamasha manne pale mwaka 2024. Oasis walijaza uwanja huo Agosti 2025. Na Garth Brooks mwenyewe alirudi. Septemba 2022 aliimba Croke Park mara tano, idadi ile ile aliyonyimwa, ila safari hii yaligawanywa katika wikiendi mbili: tarehe 9, 10 na 11, kisha 16 na 17. Jumatatu na Jumanne zikaachwa kwa watu wa kazi na watoto wa shule. Wako wakazi ambao hata hapo hawakuridhika, na wana haki yao. Lakini yale yaliyoonekana muhali mwaka 2014 yaliwezekana kwa kubadili tu mpango wa siku na kuanza mazungumzo mapema.

Tazama na upande wa pili, pale ambapo mazungumzo yalikosekana. Mjini Madrid, Uhispania, klabu ya Real Madrid iliukarabati uwanja wake wa Santiago Bernabéu kwa gharama kubwa, ikauwekea paa linalofungika, ili ufanye biashara mwaka mzima. Mwaka 2024 matamasha makubwa yakaanza. Taylor Swift aliimba tarehe 29 na 30 Mei. Uwanja ule nao uko katikati ya makazi ya watu, umezungukwa na maghorofa. Wakazi wakapima kelele, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Septemba mwaka huo huo klabu yenyewe ikatangaza kuyasimamisha na kuyapangia upya matamasha yake kwa sababu ya masharti ya kelele. Mojawapo ya klabu tajiri kuliko zote duniani, yenye wahandisi wa kila aina, ilisimamishwa na watu waliotaka kulala. Laiti sehemu ndogo ya fedha za paa lile ingetumika mapema kuwasikiliza majirani.

Sasa nije nyumbani, maana msikilizaji wa Temeke au wa Nairobi anaweza kusema Dublin ni mbali.

Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, uko Temeke, ndani ya Dar es Salaam, na pembeni yake uko Uwanja wa Uhuru. Kila mwaka sherehe za klabu za soka, siku ya Simba na wiki ya Mwananchi ya Yanga, zinauchanganya mpira na muziki wa jukwaani, na wasanii wakubwa wanapanda kabla timu haijaingia. Viwanja kama Biafra kule Kinondoni na Mwembe Yanga vimezoea mikutano na burudani, na nyumba za watu ziko hatua chache tu. Nairobi uwanja wa Nyayo umepakana na makazi. Miji yetu inakua kwa kasi, vijana wetu wanapenda muziki na wana haki ya kuupenda, na wasanii wetu sasa wana uwezo wa kujaza viwanja. Tutakuwa na matamasha makubwa zaidi, na hilo ni jambo la kujivunia. Kwa hiyo kanuni zetu tuzishike sasa, kabla hatujafika walikofika Dublin mwaka 2014.

Na kanuni tunazo. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009. Kwenye makazi, nje ya nyumba, zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yanafika desibeli 60. Kwa maneno mengine, tamasha lolote la usiku karibu na nyumba za watu limevuka kiwango kabla mwimbaji hajafungua kinywa, ndiyo maana mwandaaji anatakiwa kuwa na kibali. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinazosimamiwa na baraza la taifa la mazingira, NEMC, na sheria hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka haki ya mazingira safi na yenye afya katika ibara ya 42. Hatuna upungufu wa maandishi.

Tunachokosa ni utaratibu wa kumshirikisha jirani mapema. Ajabu ni kwamba katika mambo madogo tunaujua vizuri. Mtu wa Dar es Salaam akiwa na harusi na anataka kufunga turubai mtaani, anakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anapata kibali, na mama wa nyumba anapita kwa majirani kuwaarifu na kuwakaribisha. Hasambazi kadi za mwaliko kwanza, halafu ndiyo aende kuuliza kama turubai litaruhusiwa. Ikiwa hilo linawezekana kwa sherehe ya watu mia mbili, haiwezekani lishindikane kwa tamasha la watu elfu hamsini lenye promota, wadhamini na wanasheria.

Basi naziomba halmashauri zetu za miji, na kaunti za ndugu zetu wa Kenya, ziweke sharti moja lisilo na mlango wa nyuma: tiketi ya kwanza ya tamasha la uwanjani isiuzwe kabla ya kibali kutoka, na kibali kisitoke kabla ya wakazi wa mitaa inayopakana na uwanja kuitwa kwenye mkutano wao wa hadhara na kusikilizwa. Kibali chenyewe kitaje idadi ya matamasha kwa mwaka, saa ya kuzima muziki, saa za kufunga na kufungua jukwaa, na kipimo cha besi pamoja na kile cha kawaida. Kisha kibandikwe ofisi ya mtaa, mahali pa kusomeka.

Nawe msikilizaji unayeishi karibu na uwanja, usingoje mpaka malori yafike. Nenda ofisi ya mtaa wako wiki hii. Ulizia ni matukio gani yamepangwa uwanjani kwa mwaka huu, nani ameomba kibali, na mkutano wa wakazi utakuwa lini. Nenda na jirani yako, na yale mtakayosema myaandike na kuyasaini kwa majina yenu.